Wajue Watu Waliokuwa Mabomba ya Lamu Kabla ya Mabomba Kufika

Ukitaja Lamu, watu wanakumbuka milango ya nakshi, punda, Maulidi na zile picha za jahazi jua likizama. Sawa, vyote vipo. Ila kuna kitu kimoja ambacho hakuna mtalii anayekipiga picha, na ndicho kinachoamua kama nyumba ya kale itasimama miaka mia mingine au itaanguka: maji yanaingiaje ndani, na yakishatumika yanatokaje.

Lamu ni mji mdogo wa kisiwani, kaskazini mwa pwani ya Kenya, mbali na miji mikubwa. Nyumba zake nyingi za mawe ni za karne ya 18 na ya 19, na mwaka 2001 UNESCO iliuingiza mji huo mkongwe kwenye orodha ya urithi wa dunia. Zilijengwa wakati pale hakuna paipu hata moja. Lakini ukiingia ndani unakuta choo ghorofani, mahali pa kuogea ghorofani, birika la maji ghorofani. Sasa hayo maji yalipandaje ngazi? Hayakupanda yenyewe. Yalibebwa, kila siku iendayo kwa Mungu, na watu ambao hakuna aliyeona haja ya kuandika majina yao. Makala hii ni ya hao, pamoja na wale waliowafuata na spana mkononi.

BIRIKA LENYE SAMAKI

Nyumba ya kiungwana ya Lamu ni mawe ya matumbawe na chokaa. Mawe yalichimbwa kisiwa cha jirani, Manda. Chokaa ilipatikana kwa kuchoma matumbawe hayo hayo juu ya rundo la kuni. Dari inashikiliwa na boriti za mikoko, na kwa vile boriti ina urefu wake, chumba hakikuweza kuzidi upana wa kama mita 3 hivi. Ndiyo maana vyumba vya Lamu ni virefu na vyembamba kama behewa la treni.

Mgeni wa kawaida anaishia dakani, pale kwenye kibaraza cha mlangoni. Anayeruhusiwa kupita anavuka tekani, anatokea kiwandani, ule uwanja wa ndani usio na paa, kisha msana, halafu ndani. Kadiri unavyoingia ndivyo unavyokaribia sehemu ya wanawake wa nyumba. Na choo kiko huko huko ndani, hakikutupwa nyuma ya nyumba kama kitu cha aibu.

Choo chenyewe si mchezo. Ni chumba cha mawe kilichopakwa chokaa laini. Tundu lake linashuka moja kwa moja hadi shimoni. Pembeni kuna birika, yaani tangi la mawe lililojengwa pamoja na nyumba, na mtu anachota humo kwa kata kuoga, kutawadha na kujisafisha. Halafu kuna hili ambalo wengi wakilisikia mara ya kwanza wanadhani ni utani: ndani ya birika walifugwa samaki wadogo. Kazi yao ilikuwa kula viluwiluwi vya mbu. Na chini kabisa, kwenye sakafu ya birika, lilijengewa bakuli la kaure kutoka China, ili maji yakipungua au birika likisafishwa samaki wabaki na kidimbwi chao. Bakuli ambalo leo lingewekwa kwenye kabati la vioo, wazee walilifanya nyumba ya samaki chooni.

Ronald Ross alikuja kuonyesha mwaka 1897 kwamba mbu ndiye anayebeba vimelea vya malaria. Watu wa Lamu walikuwa na samaki wao chooni bila kumsubiri.

Na wala Lamu haikuanza peke yake. Gedi, mji ule wa kale karibu na Malindi ambao nao uliingia kwenye orodha ya UNESCO mwaka 2024, magofu yake yana visima, mabirika na vyoo ndani ya nyumba. Kilwa, kwenye jumba la Husuni Kubwa la karne ya 14, kuna birika kubwa lenye pande nane linalotazama bahari. Ibn Battuta alipopita Mombasa mwaka 1331 alieleza visima kwenye milango ya misikiti, chombo cha mti chenye mpini mwembamba cha kuchotea, na watu wanaosha miguu kabla hawajaingia. Pwani hii mtu na maji ya kujisafisha walikuwa hawaachani kitambo sana.

NANI ALILIJAZA?

Hapa ndipo hadithi nyingi za Lamu hupita haraka. Vitabu vya watalii vitakueleza birika, vitakueleza kaure, vitakusifia ustadi wa mafundi wa chokaa. Aliyelijaza birika hatajwi, kama vile lilijaa kwa dua.

Mwanamke wa kiungwana wa Lamu zamani hakutoka mchana kwenda kisimani. Akitoka, alitembea ndani ya shiraa, kitambaa kikubwa kama hema kilichoshikiliwa kwa miti na watumwa wake ili asionekane. Mtu ambaye hata kutembea kwake kunabebwa na wengine hawezi kushika kamba ya kisima. Mume naye alikuwa bwana, na bwana hachoti maji. Kwa hiyo kazi ilibaki kwa watumwa, wanawake kwa wanaume. Walichota kisimani, wakatwika mitungi kichwani, wakapita kwenye vichochoro ambavyo watu wawili wakikutana na mizigo lazima mmoja ajibanze ukutani, wakapanda ngazi za mawe zenye giza, wakamimina, wakashuka tena.

Chukulia hesabu ndogo tu. Nyumba ina watu 10, kila mmoja anatumia lita 20 kwa siku kwa kuoga, kutawadha, kupika na kufua. Hiyo ni lita 200. Mtungi mkubwa uliojaa unabeba kama lita 15 au 20. Safari 10 hadi 13 kutoka kisimani, na hapo hujaweka wageni, hujaweka harusi, hujaweka Ramadhani watu wanapokesha. Kilo 200 za maji zinapandishwa juu kila siku kwa shingo ya mtu.

Ndiyo maana ukisikia mtu anasema ati nyumba za kale hazikuwa na huduma ya maji, mwambie zilikuwa nayo. Bomba lilikuwa binadamu, na kuna wengine walinunuliwa sokoni kwa kazi hiyo hiyo.

Mwaka 1873 Sayyid Barghash wa Unguja, ambaye Lamu ilikuwa chini yake, alibanwa na Waingereza akatia saini mkataba wa kufunga masoko ya watumwa na kuzuia kuwasafirisha baharini. Lakini utumwa wenyewe majumbani uliendelea. Upande huu wa pwani ya Kenya sheria iliacha kuutambua utumwa mwaka 1907 tu. Birika halikujua habari ya sheria. Kesho yake lilitaka kujazwa vile vile.

Kilichobadilika ni malipo. Maji yakawa kazi ya kibarua. Mombasa na Unguja, Washihiri waliotoka Hadhramaut walijulikana sana kwa kuuza maji mlango kwa mlango. Ndio wakati debe liliposhika chati: lile bati lililoletwa na mafuta ya taa, likishaisha mafuta linaoshwa na kuwa chombo cha maji, kama lita 18 hivi. Madebe mawili yanafungwa kwenye ncha za mti, mti unawekwa begani, hiyo ndiyo mzega. Mzega mmoja wa maji ni kilo 36 kwenye bega moja. Watu waliuagiza kama leo mtu anavyoagiza soda: niletee mizega mitatu.

PAIPU INAFIKA KWA KUCHELEWA

Unguja walitangulia. Barghash huyo huyo, aliyefariki mwaka 1888, aliwaletea watu wa mjini maji kutoka chemchemi za nje ya mji. Lamu ilisubiri hadi karne ya 20, na hata ilipofika, paipu haikufika nyumba zote kwa mkupuo. Ilifika polepole, huyu anavuta, yule anangoja, mwingine anachota kwa jirani.

Na maji yenyewe yanatoka wapi? Yanatoka chini ya matuta ya mchanga ya Shela, mwendo wa miguu kutoka mjini. Mvua ikinyesha, mchanga unainywa haraka na kuichuja. Yale maji baridi, kwa kuwa ni mepesi kuliko maji ya chumvi, yanakaa juu ya maji ya bahari yaliyopenya chini ya kisiwa. Wataalamu wana kanuni yao: penye mita 1 ya maji baridi juu ya usawa wa bahari, chini yake kuna kama mita 40 nyingine. Ni akiba nzuri, ila ina masharti. Ukivuta kwa pupa, chumvi inapanda. Ukijenga nyumba na kuchimba mashimo ya vyoo juu ya matuta, unaichafua hazina yako mwenyewe. Ugomvi wa viwanja kwenye matuta hayo si wa leo, na kila mara ukizuka, kiini chake ni hiki: kikombe cha chai cha mji mzima kiko chini ya ule mchanga.

Sasa basi, paipu ilipoingia kwenye nyumba ya kale, ilikuwa kama kumpa mzee wa miaka 80 viatu vya mpira akimbie. Nyumba ile haikujengwa kwa maji yenye msukumo. Ilijengwa kwa maji yaliyotulia birikani, yanayochotwa kata kwa kata.

Paipu za mwanzo zilikuwa za chuma kilichopakwa zinki. Fundi alikata uzi kwenye ncha, akazungusha katani, akapaka rangi, akakaza kwa spana ya paipu. Zilikuwa imara kweli. Lakini maji yenye chumvichumvi hayana huruma na chuma. Kutu inaota kwa ndani, njia ya maji inazidi kuwa nyembamba, mpaka paipu ya nusu inchi inapitisha maji kama mrija wa soda, huku kwa nje inaonekana nzima kabisa. Kisha siku moja inatoboka, tundu dogo la sindano, tena ndani ya ukuta.

Nyumba ya matofali ya saruji ikivuja, unaona maji. Ukuta wa matumbawe hauko hivyo. Unakunywa. Unayanywa maji, unayasafirisha ndani kwa ndani, unakuja kuyatoa mita 2 kutoka mahali penye tundu, doa dogo la unyevu ambalo mwenye nyumba analipaka rangi na kusahau. Wakati huo ncha za boriti zilizochomekwa ukutani zinalowa na kuanza kuoza. Na juu ya boriti hizo kuna mawe na chokaa, dari nzito si kidogo. Hiyo ndiyo hatari ya kweli. Bili ya maji inalipika. Tatizo ni familia inayolala chini ya ile dari.

FUNDI ANAYEJUA UKUTA

Hapo ndipo anapokuja mtu wa pili asiye na jina kwenye historia ya Lamu: fundi bomba. Kwenye vitabu vya mji huo utawakuta mafundi wa milango, mafundi wa jahazi, mafundi wa plasta ya nakshi. Fundi bomba hayumo. Si wa kale kiasi cha kuitwa urithi, si wa kisasa kiasi cha kuitwa injinia.

Lakini fikiria anachobeba kichwani. Nyumba hizi hazina mchoro wa mabomba. Paipu ya kwanza iliwekwa na fundi mmoja, ikaunganishwa na mwingine baada ya miaka 20, nyumba ikagawanywa kwa warithi, huyu akavuta maji yake upande huu, yule akaziba ule. Mwisho wa siku, ramani pekee ya maji ya nyumba ni kumbukumbu ya mzee aliyekuwa kijana wa kubebea spana siku ile. Akiondoka mzee, anayekuja analazimika kubomoa kutafuta. Na kubomoa ukuta wa chokaa wenye umri wa miaka 200 kutafuta paipu ya miaka 50 ni hasara ambayo hakuna ruzuku inayoirudisha.

Fundi mzoefu hakimbilii tindo. Anafunga maji, anasikiliza. Njia ya zamani ya mafundi wa kila mahali ni kungoja usiku mji umetulia, unaweka ncha moja ya nondo kwenye paipu na nyingine sikioni. Maji yanayovuja yana sauti yake, mlio mwembamba kama mtu anapuliza kupitia meno. Anagonga plasta kwa vifundo vya vidole, anajua penye mlio mzito pamelowa. Anauliza maswali ambayo mwenye nyumba anaona hayahusiani: choo cha zamani kilikuwa upande gani? Ngazi hii ilikuwa hapa tangu mwanzo? Nani alikuwa anakaa juu?

Anayeingia na mashine ya kukatia anapasua mfereji mrefu wa kulala ukutani ili paipu ifichike. Inapendeza, mwenye nyumba anafurahi, picha zinakwenda mtandaoni. Lakini ukuta ule si matofali yaliyopangwa, ni vipande vya matumbawe vilivyoshikana kwa chokaa, na mkato mrefu wa kulala ni kama kumkata mtu tumbo na kumshona kwa uzi wa nguo. Anayejua anapitisha paipu wima, pembeni mwa kona, au anatumia njia iliyokuwepo ya choo cha zamani, au anaiacha nje ya ukuta kabisa ionekane. Ndiyo, paipu ya nje ni mbaya machoni. Ila ikivuja utaiona saa hiyo hiyo, na utaibadilisha kwa nusu saa bila kugusa jiwe. Mwenye nyumba anayebishana na fundi wake kuhusu hili, mara nyingi fundi ndiye mwenye haki.

Kosa la pili ni saruji. Penye unyevu panabanduka, watu wanapiga plasta ya saruji wakidhani wametibu. Chokaa inapumua, unyevu unaingia na kutoka. Saruji haipumui. Unyevu unafungiwa, unatafuta njia nyingine, chumvi inakauka na kuvimba nyuma ya plasta, baada ya misimu michache kipande kizima kinaanguka na uso wa ukuta wa kale pamoja nacho. Fundi bomba anayeelewa hili atakuambia: nimemaliza kazi yangu, sasa mwite mtu wa chokaa, usimwite mtu wa simiti. Ni wachache watakaosema hivyo, maana kazi ya kuziba nayo ina hela yake.

Halafu tangi. Siku hizi kila mtu anataka tangi juu ya paa, kwa sababu maji hayatoki kila siku. Lita 1 ya maji ni kilo 1, hesabu ya darasa la nne. Tangi la lita 1,000 likijaa ni tani 1. La lita 5,000 ni tani 5, uzito wa tembo mkubwa, limewekwa juu ya vijiti vya mikoko vilivyokatwa enzi za babu wa babu. Fundi mwenye akili analiweka juu ya makutano ya kuta, au analishusha chini kiwandani na kuweka pampu na tangi dogo juu. Asiye na akili analiweka palipo rahisi kulipandisha.

Wadau wa Pangani, Kilwa Kivinje na Mikindani mtakuwa mnatikisa kichwa. Kuta ni zile zile.

MAJI YAKITOKA

Kuingiza maji ni nusu ya kazi. Shimo la choo cha kale lilichimbwa kwa ajili ya mtu anayejisafisha kwa kata mbili tatu. Leke choo cha kuvuta: aina za zamani zinamwaga lita 9 na zaidi kila mtu akivuta. Watu 10, kila mmoja mara nne, hizo ni lita 360 kwa siku zinazoingia kwenye shimo ambalo halikuwahi kuona hata lita 50. Zinakwenda wapi? Zinakwenda kwenye mchanga, na mchanga ndio unaoshika maji ya visima. Hatari hii si ngeni pwani. Daktari Mwingereza aliyeishi Unguja, James Christie, aliandika kitabu kizima, kilichotoka mwaka 1876, kuhusu milipuko ya kipindupindu Afrika Mashariki, baada ya kuushuhudia mji ukiteketea mwaka 1869 na 1870.

Maji ya kuogea ya Lamu yenyewe yanapita kwenye mitaro ya wazi pembeni mwa vichochoro. Na shimo likijaa, lori la kunyonya haliingii, kichochoro hakipitishi hata gari dogo. Mtu anaingia kwa ndoo na koleo. Huyo naye hana jina, na hata waliomwajiri hawapendi kusema walimwajiri.

Mpango wa uhifadhi wa mji uliochapishwa mwaka 1986 na Makumbusho ya Kitaifa ya Kenya ulikuwa hatua kubwa, na leo kubadilisha jengo la kale kunahitaji ruhusa. Vizuri. Lakini uhifadhi ukitajwa, wengi wanawaza mlango na uso wa nyumba. Paipu haionekani barabarani, kwa hiyo haina mtetezi. Nyumba inaweza kuwa na mlango wa nakshi uliosafishwa vizuri huku nyuma yake ukuta unakunywa maji kimya kimya.

Wageni walianza kununua nyumba za kale Lamu na Shela, na wenye pesa wakataka bafu kila chumba, maji ya moto, wengine bwawa la kuogelea. Kwa fundi hiyo ni kazi, na kazi ni chakula, hakuna wa kumlaumu. Ila fundi bora akishachukuliwa miezi sita kwenye nyumba ya mgeni, bi kizee wa mtaani mwenye doa ukutani anabaki na kijana aliyejifunzia nyumba za matofali. Cheti chake kinaweza kuwa cha halali kabisa, daraja la 3 la serikali, paipu za plastiki anaziunga kwa moto safi kabisa. Hakuna aliyemwambia tu kwamba ukuta huu unapumua. Tangu bandari mpya ya Lamu ifunguliwe mwaka 2021 kazi za ujenzi wa kisasa ziko upande wa pili, malipo ni ya uhakika, na kijana mwenye akili timamu atakwenda huko badala ya kusikiliza ukuta na nondo sikioni.

Malipo ya kazi ya nyumba ya kale nayo ni fumbo. Nyumba ina warithi 14, wawili wako Mombasa, mmoja Muscat, mmoja hajulikani alipo. Nani analipa? Anayeishi humo anasema si yangu peke yangu. Aliye mbali anasema sikai humo. Fundi analipwa nusu, anaweka kiraka, anaondoka. Kiraka juu ya kiraka, na dari inazidi kulowa.

Mabirika bado yapo kwenye nyumba nyingi. Mengine yamefukiwa, mengine yamewekewa ndoo na sabuni, mengine yanajazwa kwa mpira kutoka bombani. Samaki hawapatani na maji yenye dawa nyingi ya klorini, na wengi hawafugi tena.

Siku bomba likikauka, punda analeta jerikeni hadi mlangoni. Punda hapandi ngazi. Anaitwa kijana wa mtaani, anashika moja kila mkono, lita 20 na lita 20, kilo 40 kwa safari moja, nne zaidi ya mzega wa zamani. Anapita daka, tekani, kiwanda, anapanda ngazi hadi choo cha juu, anamimina birikani, anashuka kuchukua mbili nyingine. Analipwa kwa jerikeni.